Mfalme aliyekataa kutia saini

Asubuhi ya Jumatano tarehe 4 Aprili mwaka 1990, raia wa Ubelgiji waliamkia habari ambayo haikuwa rahisi kuiamini: nchi yao haikuwa na mfalme anayetawala. Hakufariki, hakupinduliwa, wala hakuwa mgonjwa. Mfalme Baudouin, mwenye umri wa miaka 59 wakati huo na aliyekalia kiti cha enzi tangu mwaka 1951, alikuwa mzima wa afya. Alichokifanya ni kukataa kutia saini sheria moja, na serikali yake ikatangaza kwamba hana uwezo wa kutawala.

Sheria hiyo ilihusu utoaji mimba. Mfalme alisema dhamiri yake ya Kikatoliki haimruhusu kuiweka jina lake. Bunge lilikuwa limekwisha kuipitisha. Katiba ya nchi ilimtaka airidhie. Katika mambo hayo matatu, moja lilipaswa kulegea, na namna lilivyolegezwa ni kisa ambacho wanasheria wa Ulaya wanakisimulia hadi leo, wengine kwa heshima na wengine kwa kebehi.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, sheria ya jinai ya Ubelgiji ya mwaka 1867 ilihesabu utoaji mimba kuwa kosa. Mnamo Januari 1973 daktari mmoja wa mji wa Namur, Willy Peers, alikamatwa na kuwekwa rumande kwa siku 34 kwa tuhuma za kuwatoa mimba wanawake wengi. Maelfu ya watu waliandamana kudai aachiliwe. Tangu hapo suala hilo halikuondoka katika siasa za nchi, lakini pia halikupatiwa ufumbuzi, kwani serikali ya mseto baada ya serikali ya mseto iliundwa pamoja na vyama vya Kikristo, na vyama hivyo havikutaka kuligusa.

Hatimaye walilishika maseneta wawili wasiofanana kisiasa: Roger Lallemand, msoshalisti anayezungumza Kifaransa, na Lucienne Herman-Michielsens, mliberali anayezungumza Kiholanzi. Mswada wao uliruhusu mimba itolewe katika wiki 12 za mwanzo iwapo mwanamke yumo katika hali ya dhiki, baada ya kushauriana na daktari na kungoja siku sita. Baada ya wiki hizo iliwezekana tu ikiwa maisha ya mama yamo hatarini, au mtoto anayetarajiwa ana maradhi mazito yasiyotibika.

Seneti iliupitisha mswada huo Novemba 1989. Tarehe 29 Machi 1990 baraza la wawakilishi likafuata, kwa kura 126 dhidi ya 69, na wabunge 12 wakajizuia kupiga kura. Hesabu hizo zilikuwa na ajabu yake. Wasoshalisti waliokuwa serikalini waliungana na waliberali waliokuwa upinzani, na kwa pamoja wakakishinda chama cha Waziri Mkuu mwenyewe, Wilfried Martens. Chama hicho, CVP, kilikuwa chama cha Kikristo cha Waflemi, na kilikuwa kikubwa kuliko vyote katika mseto ule. Waziri Mkuu, kwa maneno mengine, alikuwa ameshindwa bungeni juu ya jambo ambalo yeye na mfalme walikaribiana sana kimawazo. Tofauti yao ilikuja kuonekana siku chache baadaye.

Siku iliyofuata kura hiyo, Baudouin alimwandikia Martens barua. Hakutumia maneno makali. Alieleza kwamba sheria ile inamletea tatizo zito la dhamiri. Kwamba anachelea wananchi wengi wataielewa kuwa ruhusa ya kutoa mimba katika miezi mitatu ya mwanzo. Na kwamba kifungu kinachohusu watoto wenye maradhi yasiyotibika kinamtia wasiwasi, kwani watu wenye ulemavu na jamaa zao watakisikia vipi? Kwa kutia saini, alisema, angebeba sehemu ya dhamana. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililokumbukwa zaidi: je, ni haki kwamba yeye awe raia pekee wa Ubelgiji anayelazimishwa kwenda kinyume cha dhamiri yake katika jambo la msingi? Uhuru wa dhamiri ni wa watu wote isipokuwa mfalme?

Lakini barua haikuishia hapo, na hapa ndipo wanaomwita mfalme yule mkaidi wanapomkosea. Aliandika pia kwamba haitakuwa sawa uamuzi wake uzuie taasisi za kidemokrasia kufanya kazi. Akaiomba serikali na bunge watafute njia ya kisheria itakayomwacha yeye na dhamiri yake, na kuiacha sheria ipite.

Watu walitaja mara nyingi maisha yake ya ndani. Baudouin na mkewe, Malkia Fabiola, waliyefunga naye ndoa Desemba 1960, hawakujaaliwa mtoto, na miaka mingi baadaye Fabiola alieleza kwamba aliwahi kupoteza mimba tano. Huzuni hiyo ni ya kweli. Hata hivyo barua ya mfalme haikusema neno juu yake, na pengine ni adabu kumpima kwa sababu alizozitoa mwenyewe.

Kwa mujibu wa katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831, mfalme ni sehemu ya mamlaka ya kutunga sheria. Sheria iliyopitishwa na mabaraza yote mawili haianzi kutumika mpaka mfalme airidhie na kuitangaza. Wakati huo huo, hakuna tendo la mfalme lenye nguvu bila saini ya waziri pembeni yake, na ni waziri huyo anayebeba lawama. Kwa desturi, basi, saini ya mfalme ilikuwa imegeuka kuwa muhuri: haimaanishi kwamba yeye amekubali, inamaanisha kwamba taifa limekwisha kuamua. Baudouin aliisoma saini hiyo kwa namna nyingine. Kwake ilikuwa ni neno lake.

Wataalamu wa katiba walikabiliwa na fumbo. Kama saini ni muhuri tu, kwa nini mtu alazimishwe kuitia kinyume cha imani yake? Na kama si muhuri, basi mfalme ambaye hakuchaguliwa na yeyote anao uwezo wa kuzuia sheria za waliochaguliwa, na hilo nchi isingeweza kulikubali. Walikuwapo waliosema kwamba mlango wa mwenye dhamiri ulikuwa wazi tangu mwanzo: mfalme ang'atuke. Wazo hilo halikupata nguvu serikalini. Ubelgiji ni nchi ya Waflemi na Wawaloni wanaovutana kwa mengi, na baada ya miaka karibu 40 Baudouin alikuwa mmoja wa nyuzi chache zilizokuwa bado zimewaunganisha.

Njia ilipatikana katika ibara ya 82 ya katiba, inayosema kwamba mfalme akiwa katika hali ya kushindwa kutawala, mawaziri watalithibitisha hilo na kuyaita mabaraza ya bunge. Ibara hiyo ilikuwa na historia chungu katika nyumba ya Baudouin mwenyewe. Tarehe 28 Mei 1940 baba yake, Mfalme Leopold III, alisalimu amri mbele ya majeshi ya Ujerumani akabaki mikononi mwao, na mawaziri wake waliokimbilia Ufaransa wakatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala. Baudouin alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Baada ya vita nchi iligawanyika juu ya kurejea kwa Leopold. Ndugu yake, Charles, alikuwa kaimu mfalme tangu mwaka 1944. Katika kura ya maoni ya Machi 1950 karibu asilimia 58 walimtaka Leopold arudi, lakini aliporudi Julai mwaka huo migomo ilitanda, na huko Grâce-Berleur, karibu na Liège, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji. Watu wanne walipoteza maisha. Leopold akakabidhi madaraka kwa mwanawe na mwaka uliofuata akajiuzulu rasmi. Kwa hiyo Baudouin alitawazwa akiwa kijana wa miaka 20 kwa sababu mfalme na serikali walikuwa wameachana njia. Kama kuna Mbelgiji aliyejua gharama ya jambo hilo, ni yeye.

Jumanne tarehe 3 Aprili 1990, kwa ridhaa ya Baudouin, baraza la mawaziri lilithibitisha kwamba mfalme yumo katika hali ya kushindwa kutawala. Madaraka yake yakahamia kwa mawaziri wote kwa pamoja, kama inavyofanyika mfalme anapofariki na mrithi hajala kiapo. Mawaziri wakaitia saini sheria. Ndiyo maana hadi leo inajulikana kama sheria ya tarehe 3 Aprili 1990, na haina jina la mfalme. Alhamisi tarehe 5 Aprili ikachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na siku hiyo hiyo wabunge na maseneta wakakutana pamoja kuamua kama sababu ya kushindwa kutawala imekwisha. Waliokubali walikuwa 245, waliojizuia 93, na hakuna aliyepinga. Baudouin akawa mfalme tena.

Wengi walicheka. Neno "kushindwa" lilikuwa limewekwa katika katiba kwa ajili ya mateka na wagonjwa, na sasa limetumika kwa mtu ambaye hakushindwa bali amekataa. Wale 93 waliojizuia hawakuwa na ugomvi na mfalme peke yake. Baadhi yao hawakutaka kuwa mashahidi wa mchezo wa maneno.

Kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana kama lilivyostahili. Sheria ile ile iliyomkwaza mfalme ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba hakuna daktari, muuguzi wala msaidizi wa tiba anayelazimika kushiriki katika kutoa mimba. Daktari anayekataa alitakiwa tu amwarifu mwanamke mapema, ili asipoteze muda. Wabunge basi walikuwa wameifikiria dhamiri ya muuguzi wa zamu ya usiku. Hawakumfikiria mfalme. Kwa mtazamo huo swali la Baudouin lilikuwa na uzito.

Lakini muuguzi na mfalme hawalingani. Mkono wa muuguzi ndio unaotenda. Akikataa, mwenzake huitwa, na mgonjwa hahudumiwi na mtu asiyetaka. Mkono wa mfalme hautendi chochote ila kushuhudia kwamba wengine wameamua. Isitoshe, muuguzi akikataa kazi yake nzima hupoteza ajira. Baudouin aliondoka kazini Jumanne na kurejea Alhamisi.

Na ni akina nani walioshika kalamu badala yake? Miongoni mwa mawaziri waliotia saini alikuwamo Martens mwenyewe pamoja na mawaziri wenzake wa vyama vya Kikristo, watu waliokwenda kanisani kama mfalme, ambao vyama vyao viliipigia kura ya hapana sheria hiyo siku tano tu kabla. Wao hawakuwa na ibara ya kujisitiri. Kama wangekataa kwa hoja ile ile, serikali ingeanguka. Walitia saini kwa sababu bunge lilikuwa limeamua, na kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameomba asitie. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baudouin alipata watu waliokubali kuubeba mzigo wake ingawa kwao pia haukuwa usufi. Historia imelihifadhi jina la aliyekataa. Majina ya waliotia saini wanayakumbuka wanasheria.

Kwa wasikilizaji wa Kongo, hata hivyo, jina la Baudouin halianzii mwaka 1990. Wazee wa Lubumbashi na Kisangani wanamjua kwa ziara yake ya mwaka 1955, alipopewa jina la Bwana Kitoko, neno la Kiswahili lililounganishwa na neno la Kilingala lenye maana ya uzuri. Wanamjua zaidi kwa tarehe 30 Juni 1960 mjini Léopoldville, alipoisifu kazi ya babu yake mkubwa Leopold II mbele ya taifa lililokuwa linapokea uhuru wake, na Patrice Lumumba akasimama kumjibu.

Kinachohusu mada hii ni miezi iliyofuata. Mwaka 2001 tume ya uchunguzi ya bunge la Ubelgiji juu ya kuuawa kwa Lumumba ilibaini kwamba mnamo Oktoba 1960 barua kutoka Katanga ilifika katika ofisi ya mfalme, ikitoka kwa meja wa Kibelgiji aliyekuwa mshauri wa Moïse Tshombe. Barua hiyo ilidokeza kwamba Lumumba alikuwa akipangiwa kuondolewa, ikiwezekana hata kwa kumaliza maisha yake. Kwa mujibu wa tume, mfalme alizipata habari hizo na hakuiarifu serikali yake. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi, na Juni 2022 ikalirejesha jino lake, mabaki pekee yaliyosalia, kwa familia yake.

Tume haikumhukumu mfalme kuwa muuaji, na hakuna haki katika kumwongezea. Lakini Mkongo anayeambiwa kwamba Baudouin alikuwa mfalme wa dhamiri ana haki ya kuuliza ile ya mwaka 1960 ilikuwa wapi. Mwaka ule jukumu lake lilikuwa jepesi kuliko kusaini sheria: ilikuwa ni kumwambia waziri. Hapakuhitajika ibara yoyote.

Baudouin alifariki Uhispania tarehe 31 Julai 1993. Tatizo aliloliacha lilizuka tena nchi jirani, na katika damu yake mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2008 Grand Duke Henri wa Luxembourg, mtoto wa dada yake Baudouin, aliarifu kwamba dhamiri yake haimruhusu kuiridhia sheria ya kumsaidia mgonjwa mahututi kufa. Waziri Mkuu Jean-Claude Juncker, Mkatoliki ambaye mwenyewe hakuiunga mkono sheria hiyo, hakutafuta ibara ya ugonjwa. Walibadilisha katiba. Tangu Machi 2009 mtawala wa Luxembourg hatakiwi tena kuridhia sheria, anazitangaza tu. Henri alibaki na dhamiri yake, lakini ofisi yake ikapungua, na waliomrithi wataipokea hivyo ilivyopungua.

Marekani nako kulizuka jambo la namna hiyo, ingawa kwa ngazi ya wilaya. Baada ya Mahakama Kuu kuhalalisha ndoa za jinsia moja Juni 2015, karani wa Rowan County katika jimbo la Kentucky, Kim Davis, aliacha kutoa vyeti vyote vya ndoa kwa sababu ya imani yake, akawazuia na wasaidizi wake wasivitoe. Alilala jela siku tano kwa kuidharau amri ya mahakama. Mwaka uliofuata jimbo liliondoa majina ya makarani katika vyeti hivyo. Baudouin aliomba apishwe ili sheria ipite. Karani huyu alisimama mlangoni. Hata hivyo tiba ya mwisho ya Kentucky ilifanana na ya Luxembourg: kama jina ndilo linalomuumiza mtu, liondolewe katika karatasi.

Ubelgiji haikufanya hivyo. Mwaka 1990 ziliahidiwa fikra mpya juu ya nafasi ya mfalme katika sheria, na katiba ikaja kuandikwa upya kwa mpangilio mwingine, lakini jambo lenyewe halikuguswa. Albert II, mdogo wake Baudouin, aliiridhia sheria ya mwaka 2002 iliyoruhusu daktari kukatisha maisha ya mgonjwa anayeomba. Mwaka 2014 sheria hiyo ilipopanuliwa kuwahusu watoto, baadhi ya watu waliomwomba Mfalme Philippe, mpwa wa Baudouin, afuate nyayo za ami yake. Philippe alitia saini.

Miaka kumi baadaye, Septemba 2024, Papa Francis alipoitembelea Brussels, alishuka katika kaburi la wafalme huko Laeken, Philippe na Malkia Mathilde wakiwa kando yake, akasali mbele ya kaburi la Baudouin. Alimsifu kwa ujasiri wa kuacha kiti chake asitie saini sheria ambayo Papa aliiita ya mauaji, na akasema anataka mchakato wa kumtangaza mwenye heri uendelee. Desemba mwaka huo Vatican ikaanza hatua za mwanzo. Waziri Mkuu Alexander De Croo alimwita balozi wa Vatican kumweleza kwamba maneno hayo hayakubaliki. Francis alifariki mwaka uliofuata.

Ibara ya 82 sasa ina namba 93 katika katiba ya Ubelgiji. Ibara ya 109 inaendelea kusema kwamba mfalme huziridhia sheria na kuzitangaza.